Mashine Kuukuu ya Kinyozi na Mgongo wa Farasi

Mashine ya kunyolea ikianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, mwenyewe huitupa kabatini na kununua nyingine, na hukumu huwa imekwisha kutolewa: ile ya zamani imekufa. Ukiifungua, aghalabu utakuta mota inafanya kazi vizuri na koili haijaungua. Kilichoharibika ni vile vipande viwili vya chuma vya mbele vyenye meno, ambavyo havijaonja tone la mafuta kwa miezi. Ndiyo maana katika mabanda ya farasi ya Uingereza na Marekani ubishi kuhusu kuzitumia tena mashine za zamani hauishi. Wapo wanaoona huo ni ubahili unaomtesa mnyama, na wapo wanaoapa kwamba chuma cha zamani hakina mfano, hivi vya leo ni makopo tu. Pande zote mbili zinabishania umri, na umri sicho kipimo. Mashine ya zamani inamfaa farasi ikitimiza masharti mawili: iwe inafunguka na nyembe zake zinanoleka au zinapatikana dukani, na ipewe sehemu ya mwili wa farasi inayolingana na nguvu zake. Ikishindwa sharti lolote kati ya hayo, haifai hata kama ilinunuliwa mwaka jana.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma yafaa kueleza kwanza kwa nini farasi anyolewe. Manyoya yake hufuata urefu wa mchana. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mchana unapoanza kufupika mwili hupokea habari hiyo kupitia homoni ya melatonini na kuotesha manyoya marefu, mazito, ya kukinga baridi. Mchana ukirefuka tena, manyoya hayo hupukutika. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo punda wa Lamu hukaa na manyoya mafupi na hakuna anayemfikiria kinyozi. Farasi wa Uingereza anayefanyishwa kazi mwezi wa Desemba yuko katika hali nyingine: akikimbia hutoka jasho ndani ya koti asiloweza kulivua, jasho halikauki, na usiku ukiingia anatetemeka akiwa amelowa. Basi hunyolewa mwili mzima, au zile sehemu za shingo, kifua na tumbo zinazolowa zaidi, kisha huvikwa blanketi. Wapo pia farasi wazee wenye ugonjwa wa tezi ya pituitari, ambao manyoya yao hayapukutiki hata jua la kiangazi likiwaka. Hao, kunyolewa ni sehemu ya matunzo yao. Lakini wepesi wa mashine uliwahi kuleta maafa. Katika majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, jeshi la Uingereza lililokuwa Ufaransa liliwanyoa farasi wake ili kupambana na upele. Baridi ikang'ang'ania hadi Aprili, wakati wa mapigano ya Arras, na wanyama wengi wakafa kwa baridi na uchovu. Majira yaliyofuata kunyoa kukawekewa mipaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine ipi itumike, mtu aulize kwanza kama farasi huyu anahitaji kunyolewa, na kwa kiasi gani.

Wanaosema kwamba mashine ya kichwa cha mtu haina uhusiano na mnyama hawajatazama ukoo wake. Mwaka 1897 John K. Stewart na Thomas J. Clark walisajili mjini Chicago kampuni ya Chicago Flexible Shaft, iliyotengeneza mashine za kunyolea farasi na kukatia manyoya ya kondoo. Mtu mmoja alizungusha gurudumu kwa mkono, nguvu ikapita kwenye waya mnene uliosokotwa na unaozunguka ndani ya ala yake, na mwenzake akashika kichwa chenye nyembe. (Waya wa namna hiyo ndio uliokuja kupeleka mzunguko wa gurudumu la gari hadi kwenye kipima mwendo, biashara ambayo Stewart huyohuyo aliingia baadaye.) Mwaka 1946 kampuni hiyo ilichukua jina la Sunbeam, na mwaka 1960 ikainunua Oster, iliyokuwa imeanza Racine, Wisconsin, mwaka 1924 kwa mashine za vinyozi. Katika mji wa Sterling, Illinois, Leo Wahl aliomba hataza ya mashine ya umeme ya kunyolea mwaka 1919. Kampuni aliyoiacha huuza mashine za watu na za farasi pia. Huko Dursley, Uingereza, kampuni ya Lister, ambayo kwetu inajulikana kwa injini za dizeli za mashine za kusaga unga, ilitengeneza mashine za kondoo na farasi kwa miongo mingi. Kinyozi na saisi wamekuwa wateja wa karakana zilezile. Na karakana hizo, kwa muda mrefu, ziliuza kitu kilichotarajiwa kufunguliwa: skrubu zinaonekana kwa nje, vipuri vinauzwa kimojakimoja, na maelezo yanamwambia mnunuzi jinsi ya kukaza na kulegeza. Anayeifungua leo mashine ya miaka ya 1960 anaitendea kama mwenye kuiunda alivyotaka itendewe.

Ndani ya ganda, hata hivyo, kuna mota za namna mbili, na anayetaka kuifufua mashine sharti ajue ameshika ipi. Nyingi za vinyozi ni za sumaku. Umeme unapita kwenye koili, koili inavuta kipande cha chuma, springi inakirudisha, na wembe wa juu unakwenda na kurudi. Mvuto huo hutokea mara mbili kwa kila wimbi la umeme. Afrika Mashariki na Uingereza, ambako umeme una mawimbi 50 kwa sekunde, wembe hupiga mara 6,000 kwa dakika. Marekani, kwenye mawimbi 60, hupiga mara 7,200. Springi imepangwa ilingane na mwendo huo. Hapa ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua wengi wanaoletewa mashine na ndugu walioko Marekani: transfoma inashusha umeme kutoka volti 240 hadi 120 sawasawa, lakini haigusi idadi ya mawimbi, na mashine iliyokata vizuri huko Ohio inakoroma kinyonge Nairobi. Haijafa. Pembeni mwake kuna skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu. Unaizungusha mashine ikiwa imewashwa hadi ianze kugongagonga kwa kelele, halafu unairudisha taratibu hadi kugonga kule kukatike na ubaki mvumo tu. Nguvu yake yote iko pale. Kwa tofauti kubwa ya mawimbi skrubu hiyo haitarudisha kila kitu, ila itarudisha kingi. Namna ya pili ni mota inayozunguka, yenye brashi mbili za kaboni, iliyo kwenye mashine nyingi za zamani za farasi na ng'ombe. Hii haijali mawimbi. Husikika ikizeeka: cheche zinaongezeka, kuna harufu kali ya hewa iliyoungua, nguvu inapungua. Brashi hukaa nyuma ya vifuniko viwili vya plastiki vinavyofunguka kwa bisibisi bapa, na mashine ambayo mwenyewe alishaiandikia hati ya kifo mara nyingi huhitaji brashi hizo tu.

Hadi hapa ningeweza kuonekana natetea kila kuukuu. Hesabu inakataa. Ngozi ya kichwa cha mtu mzima inayoota nywele ni kama sentimita 600 hadi 700 za mraba, na ngozi ya farasi wa kilo 500 ni kama mita 5 za mraba. Kumnyoa farasi mmoja mzima ni kunyoa vichwa 70 na zaidi, mfululizo, vyenye nywele nene zilizojaa mafuta ya ngozi na vumbi. Mashine ya sumaku ya wati kumi hivi haikuumbwa kwa safari hiyo. Itapata moto, na joto lake litaishia kwenye nyembe zinazogusa ngozi ya mnyama asiyeweza kusema anaungua. Yeye hupiga teke tu, kisha husemwa kuwa ni mkorofi. Meno ya nyembe za kinyozi nayo yamebanana mno: manyoya mazito hayaingii kati ya meno, yanalala chini yake, na mashine inapita juu bila kukata. Mashine kubwa ya farasi ina wati mia moja na zaidi, wembe mpana wa sentimita saba au nane, na jambo linaloshangaza wengi ni kwamba hupiga polepole kuliko ya kinyozi, kama mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Ila inasukuma kwa nguvu kubwa mno. Kwa hiyo mashine kuukuu ya kinyozi isipewe mgongo wala mapaja. Ipewe pale ambapo kubwa ni tishio: ukanda mfupi wa singa nyuma ya masikio unapokaa ukanda wa hatamu, nywele za chini ya taya, kingo za masikio kwa nje, manyoya ya juu ya kwato yanayoshika tope, na manyoya ya kuzunguka kidonda ambacho daktari wa mifugo anataka kukiona. Farasi mwoga pia huzoeshwa kwanza kwa mashine ndogo, inayovuma chini.

Zamani kazi iliyopendwa zaidi kwa mashine hizi ndogo ilikuwa kufyeka nywele ndefu za puani na za kuzunguka macho ili farasi aonekane nadhifu uwanjani. Kazi hiyo imekwisha, na ilistahili kwisha. Nywele zile ni viungo vya kuhisi. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake, na anakijua kwa nywele hizo. Ujerumani ilipiga marufuku kuzikata mwaka 1998, na tangu tarehe 1 Julai 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, halimruhusu kushindana farasi aliyekatwa nywele hizo isipokuwa kwa sababu ya matibabu. Mwenye mashine kuukuu asijifariji, basi, kwamba ameipatia kazi nyepesi ya usoni.

Kiini cha suala lote kiko kwenye nyembe. Wembe wa chini, wenye meno mapana, umetulia na hugusa ngozi. Wa juu unateleza juu yake. Hakuna ukali kama wa kisu hapa: kinachokata ni ubapa wa nyuso mbili zinazokutana bila nafasi. Chembe ya mchanga ikiingia kati yake, au nywele moja ikibanwa pale, nyuso zinaachana kwa upana wa unywele na mashine inaanza kuvuta. Mtu asiyejua hukaza skrubu. Kwa dakika chache inakata tena, naye huamini ameitibu, kumbe nyembe zinasuguana zikiwa kavu, zinapata moto na kulana. Utaratibu sahihi ni kinyume cha pupa hiyo. Zima mashine, chomoa waya, legeza, toa nyembe, piga mswaki kwenye mizizi ya meno hadi manyoya yaliyogandamana yatoke, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, kausha, rudisha, tia mafuta, kisha kaza kidogokidogo mpaka ikate na usipite hapo. Usisafishe kwa spiriti au petroli mota ya brashi ikiwa inazunguka, kwa kuwa cheche za brashi hazihitaji kualikwa mara mbili. Mafuta yanayofaa ni mepesi ya madini, na yale ya cherehani yanayouzwa kwenye vichupa vidogo yanafanya kazi hiyo. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Dawa ya kupuliza inayolegeza kutu husafisha, lakini hukauka na kuacha chuma kitupu. Matone machache kwenye meno, pembeni na nyuma ya wembe wa juu kila baada ya dakika kumi au kumi na tano za kazi, na kiganja kiwekwe juu ya chuma kila mara: kikiuchoma mkono wako, kimeshamchoma farasi.

Kuna kosa moja ambalo mashine ya kinyozi huja nalo kutoka kazini kwake. Kinyozi anayechora mistari ya paji la uso husogeza wembe wa juu mbele hadi ncha zake zikaribie kabisa ncha za wembe wa chini. Kichwani, kwenye ngozi iliyovutika juu ya mfupa na mkononi mwa mtu aliyebobea, hilo hukata laini. Kwenye ngozi ya farasi iliyolegea na inayotikisika kila nzi anapotua, hukata nyama. Kabla mashine hiyo haijagusa mnyama, skrubu mbili za wembe zilegezwe na wembe wa juu urudishwe nyuma kama milimita moja, ukiwa sambamba na wa chini. Na kuhusu kunoa, tupa na msasa havifai, kwa sababu huviringisha uso ambao thamani yake yote ni ubapa. Nyembe hunolewa kwa jozi, kwenye sahani ya chuma inayozunguka ikiwa imepakwa unga wa kusagia. Mafundi wengine husugua juu ya kioo kinene kwa dawa ya kusagia valvu, na njia hiyo hurudisha uhai wa muda kama mkono ni mtulivu. Jozi zisichanganywe, maana kila wembe umeliwa kwa umbo la mwenzake. Lakini hata kunoa kuzuri hupotea kwa farasi mmoja aliye mchafu: vumbi la manyoya ni mchanga mtupu, na farasi asiyeoshwa na kukaushwa kabla ya kunyolewa humaliza makali ambayo yangetosha farasi kadhaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umeme, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Farasi huuawa na umeme ambao mtu angeruka tu na kulalamika. Ana viatu vya chuma, ngozi yenye jasho, na mara nyingi amesimama kwenye sakafu yenye unyevu. Mashine nyingi za zamani zina ganda la chuma, na waya zake zimevikwa mpira ambao baada ya miongo hukatika ukiukunja. Zipo zilizoundwa na pini mbili bila waya wa ardhi. Mashine ya namna hiyo haitengenezeki kwa mafuta na mswaki. Fundi umeme abadilishe waya wote, apime kama umeme unavujia kwenye ganda, na kwenye soketi kuwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Ganda la chuma lisiloweza kuunganishwa na ardhi ni kosa lisilo na msamaha, na mashine yake ivunjwe kwa ajili ya vipuri. Lakini pingamizi hili linapima hali ya waya na ganda. Mashine mpya inayokanyagwa waya wake na kwato kila siku inashindwa mtihani uleule.

Pingamizi la ugonjwa lina sura nyingine. Choa cha farasi, kinacholetwa na kuvu wa jamii ya Trichophyton, husambaa kwa mashine kama mapunye yanavyosambaa katika vibanda vya vinyozi wetu, na humpata mtu pia. Chembe za kuvu hao huishi kwa miezi ndani ya nywele zilizokatika. Kupangusa kwa spiriti juu ya nyembe zilizojaa manyoya na mafuta ni kujidanganya, kwa kuwa dawa haifiki penye chembe. Usafi wa kuondoa uchafu hutangulia, dawa ya kuua kuvu hufuata, kisha kukausha na kutia mafuta kabla kutu haijaanza. Farasi wa Uingereza anayelowa mvua hupata pia magaga ya ngozi yanayoletwa na bakteria Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa mara ya kwanza na Van Saceghem mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji; na kwa kuwa manyoya yaliyogandamana na magaga hayo huondolewa ili ngozi ikauke, mashine ndogo hupitishwa palepale penye maambukizi. Hapa mashine ya zamani ina nafuu juu ya nyingi za kisasa: nyembe zake hutoka zote na kuoshwa, na ganda lake halina mianya ya urembo. Sharti ni moja tu. Mashine ikishahamia bandani isirudi tena kichwani kwa mtu, hata kwa siku moja.

Linabaki pingamizi la bei: mashine mpya ndogo za betri ni rahisi, hazina waya wa kukanyagwa, na hazipigi kelele. Kwa farasi anayesikia sauti hadi kama kilohezi 33, ilhali sisi tunaishia 20, ukimya si anasa. Pingamizi hili ni la haki, na kwa kazi ya kwenye taya na masikio katika banda lenye maji, ningechagua ya betri bila kusita. Ila ukimya wa mashine hutegemea sana matunzo. Mashine ya sumaku iliyorekebishwa huvuma, na mpya iliyolegea nyembe hukwaruza. Na mashine nyingi za betri za bei nafuu zimegundishwa badala ya kufungwa kwa skrubu, kwa hiyo betri ikichoka, mota nzima na nyembe huzikwa nayo. Anayelinganisha bei ya mashine ya betri na bei ya kunoa jozi ya nyembe amesahau kuihesabu ile ya tatu na ya nne atakazonunua.

Udhaifu wa kweli wa hoja yangu uko dukani. Nyembe za mtindo wa A5, zilizoanza na Oster, huingia kwenye mashine za Andis na Wahl za muundo huo, na kwa sababu hiyo mashine iliyotengenezwa miongo iliyopita bado inapata wembe mpya leo. Zipo nyingine ambazo nyembe zake zilitengenezwa na kampuni moja tu, na kampuni ikaacha. Kunoa hupunguza unene kila mara, na meno mawili yanayofuatana yakikatika kwenye wembe wa chini, ngozi ya farasi huingia kwenye pengo na kukatwa. Wembe huo hautumiki tena hata uwe mkali kiasi gani. Mwenye sanduku la mashine za zamani aanze kwa kusoma namba iliyopigwa kwenye wembe na kuuliza kama bado inauzwa. Zile ambazo jibu lake ni hapana zitoe springi zake, skrubu zake na brashi zake kwa zile ambazo jibu ni ndiyo.